Goti la zamani, ajali mpya: nani aseme umepona?

SWALI: Shikamoo Mama. Kazi yangu ni kupakia na kupakua mizigo ghalani. Ujanani nilicheza mpira, nikaumia goti la kulia hadi nikapasuliwa gegedu, ule mto laini ulio kati ya mifupa. Nilipona, nikaachana na mpira. Tangu niajiriwe hapa nimebeba katoni, nimepanda ngazi na kuchuchumaa chini ya rafu kama mwenzangu yeyote, na sijawahi kuomba ruhusa ya ugonjwa kwa ajili ya goti.

Mwaka jana ngazi iliteleza nikiwa juu, nikaangukia goti lile lile. Mwajiri alijaza fomu, kliniki ikaandika "kuteguka goti", na bima ikaanza kunilipia matibabu na sehemu ya mshahara. Majuzi niliitwa kwa daktari waliyemchagua wao. Aliona kovu akaniuliza ni la nini, nikamweleza. Kisha ikaja barua: "Jeraha la kazini limepona. Maumivu yaliyobaki yanatokana na hali ya goti iliyokuwepo kabla ya ajali. Malipo yatasitishwa." Mama, goti bado linanasa nikishuka ngazi, na daktari anayenitibu amenikataza kubeba mzigo. Wenzangu wananilaumu, wanasema ningeficha habari za mpira. Je, nimejiponza kwa kusema kweli? Na kama goti lilishaumia zamani, ndiyo basi sina haki?

*Mpakiaji*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na la wenzako, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Hukujiponza. Kovu la upasuaji liko gotini na daktari ana macho. Ungekana, angeandika kwamba umekana, na kuanzia hapo hata ya kweli unayoyasema yasingeaminika. Kabla ya safu hii nilikuwa karani wa madai katika kampuni ya bima, nikisoma mafaili kama lako asubuhi hadi jioni. Faili lililofungwa kwa urahisi kuliko yote ni lile ambalo mdai alisema "sijawahi kuumia" halafu kadi ya kliniki ikasema vingine. Wewe umesema kweli, basi endelea hivyo hivyo kwa kila daktari utakayekutana naye. Kama fomu ya kuajiriwa iliuliza habari za majeraha ya zamani, tafuta nakala uone ulijibu nini, kwa sababu wao watakuwa wameshaiona.

Na haki unayo. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi ni kwamba mwajiri humpokea mfanyakazi jinsi alivyo: mwenye goti lililowahi kupasuliwa, mwenye mgongo uliochoka, mwenye kisukari kinachochelewesha vidonda kupona. Ajali ya kazini ikitonesha kilichokuwa kimetulia, au ikaharakisha kilichokuwa kikienda polepole, madhara hayo huhesabiwa kuwa ya kazini. Kinachobishaniwa ni muda: madhara yale yameisha, au bado yapo? Kwa hiyo jambo la kuamua kwenye dai lako ni kama umerudi pale ulipokuwa siku moja kabla ya ngazi kuteleza. Mengine yote yanazunguka hapo.

Sasa chukua ile barua tuisome pamoja. "Jeraha la kazini limepona." Jeraha lipi? Fomu ya kwanza iliandikwa "kuteguka goti" na hakuna kingine. Hapa ndipo madai mengi hukatikia bila mdai kujua. Fomu ile hujazwa siku ya kwanza au ya pili, goti likiwa limevimba kiasi kwamba halipimiki vizuri, na kama kuna picha iliyopigwa ni eksirei, ambayo huonyesha mifupa lakini gegedu hailionyeshi. Anayejaza huandika neno la kawaida ili mgonjwa aanze kutibiwa. Miezi inapita, bima inalipa kwa neno lile lile. Halafu daktari wao anaulizwa swali jembamba: kule kuteguka kumepona? Anajibu kwamba kumepona, na huenda hasemi uongo hata kidogo, kwa sababu kano zilizoteguka huweza kupona.

Lakini goti linalonasa ukishuka ngazi linadai maelezo zaidi ya kuteguka. Kunasa ni dalili ambayo madaktari huihusisha na gegedu lililochanika au kipande kilicholegea ndani ya kiungo. Basi kabla hujabishana na mtu yeyote habari za mpira, andika uombe maelezo ya jeraha lililokubaliwa yarekebishwe, yaingize kile ambacho ajali ilifanya hasa: gegedu kuchanika upya, kama kipimo kitaonyesha hivyo, au kutoneshwa kwa goti lililokuwa limepasuliwa zamani. Ambatanisha maelezo ya daktari wako, aliyoyaandika kwa maneno yake mwenyewe. Usidharau hatua hii ukadhani ni makaratasi tu. Katika jimbo la Oregon, Marekani, ubishi wa aina hii ulifika hadi Mahakama ya Juu ya jimbo. Mwaka 2017 iliamua kwamba bima inapotaka kuacha kulipia jeraha lililochanganyika na hali ya zamani, kinachopimwa ni ile hali iliyokubaliwa rasmi kwenye dai. Yasiyoandikwa, hata kama yalitokea siku ile ile, hayaingii kwenye mizani.

Twende sentensi ya pili, "maumivu yaliyobaki yanatokana na hali iliyokuwepo kabla ya ajali." Uliza: nani anapaswa kuthibitisha hilo? Watu wengi wakipata barua kama hii hudhani wao ndio wanaotakiwa kuanza upya kujieleza. Pahala pengi aliyekuwa akilipa na sasa anataka kuacha ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Oregon sheria inaiwekea bima mzigo huo. Pennsylvania, jimbo jingine la Marekani, mwajiri akitaka kusitisha malipo lazima aonyeshe kwamba mfanyakazi amepona jeraha la kazini, au kwamba kilichobaki hakihusiani nalo. Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ilifafanua mwaka 1997 kwamba pale mfanyakazi anapolalamika kuwa bado anaumwa, daktari wa mwajiri atatosheleza akieleza bila kusitasita kwamba mtu huyo amepona kabisa, anaweza kurudi kazini bila masharti, na uchunguzi hauonyeshi kitu chochote kinachounga mkono maumivu yake. Mwaka 2007 mahakama hiyo ikaongeza kwamba kama suala liliwahi kuamuliwa, mwajiri anayerudi tena aonyeshe kwanza kwamba hali ya mwili wa mfanyakazi imebadilika tangu uamuzi uliopita. Hukuniambia uko nchi gani, na siwezi kukuahidi kwamba huko kwako iko hivyo hivyo. Ila swali la nani athibitishe liulize mapema, na uliulize kwa maandishi.

Omba nakala ya ripoti ya yule daktari. Usiridhike na barua iliyoinukuu. Ukiipata, itafute tarehe. Kama goti limerudi lilivyokuwa kabla ya ajali, lilirudi lini? Ripoti nzuri itataja kipindi na kueleza kilichobadilika: uvimbe uliisha, goti likaanza kukunjika kama zamani, mguu ukapata nguvu. Ripoti dhaifu itasema "maumivu ni ya zamani" na kunyamaza. Mimi nimesoma ripoti za kurasa kadhaa ambazo hoja yote ya kusitisha ilikaa kwenye sentensi moja, tena bila sababu, na zilipopelekwa mbele ya mwamuzi aliyezisoma kwa makini hazikusimama.

Angalia pia vipimo. Goti zima hukunjika hadi kufikia nyuzi 135 hivi, na daktari hupima kwa kifaa cha kupimia pembe. Je, aliandika lako linafika ngapi, na la kushoto linafika ngapi? Je, alipima mapaja? Mguu usiotumiwa husinyaa msuli wa paja, na hilo mtu halighushi. Huchukuliwa tepu, ikapimwa umbali ule ule juu ya kila goti, paja la kulia na la kushoto. Kama paja lako la kulia limepungua, hiyo ni alama ambayo haitegemei neno lako. Mwombe daktari wako apime na aandike namba. Kuandika "mgonjwa analalamika maumivu" ni kumpa mwenzake nafasi ya kujibu "analalamika tu."

Halafu kuna ushahidi wa ile siku moja kabla ya ajali, na huu uko mikononi mwako zaidi kuliko mwa daktari yeyote. Ulipoajiriwa, je, ulipimwa afya? Kama kuna fomu iliyosema unafaa kwa kazi bila masharti, hiyo ni dhahabu. Daftari la mahudhurio linaonyesha ulivyofika kazini mwaka baada ya mwaka. Karatasi za saa za ziada zinaonyesha ulibeba hata baada ya muda wa kawaida. Msimamizi wako na wenzako, hao hao waliokulaumu, waandike walichokiona: alikuwa akipanda ngazi, alikuwa akichuchumaa, hatukumwona akichechemea. Kadi ya kliniki nayo, isipokuwa na tiba ya goti tangu upasuaji ule, inasema mengi kwa ukimya wake. Daktari wa bima alikuona siku moja tu, tena baada ya ajali. Hawa walikuona kabla.

Nikuambie na upande ambao hutaupenda. Goti lililopasuliwa gegedu lina uwezekano mkubwa zaidi wa kupata uchakavu wa kiungo miaka ya mbele hata bila ajali, na daktari mwaminifu anaweza kufikia mkataa kwamba kuanguka kulilitonesha kwa muda tu kisha likarudi kwenye mwendo wake wa zamani. Hoja hiyo si ya hila, na wapo ambao kweli madai yao yaliishia hapo kwa haki. Kama ulikuwa ukinywa dawa za goti kabla ya ajali, au ulikuwa umeomba kazi nyepesi, dai lako lina kazi kubwa zaidi, na wakili wako inafaa ayajue hayo kutoka kwako kabla hajayasikia kutoka upande wa pili. Kwa ulivyonieleza, sioni dalili hiyo.

Usichanganye pia kupona na kufika mwisho wa nafuu. Madaktari wakisema matibabu hayawezi tena kukuongezea nafuu, wanaweza kuwa wanamaanisha umebaki na ulemavu wa kudumu, na huo una fidia yake. Tena malipo ya muda yana ukomo wake kisheria: Tanzania, kwa mfano, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa asilimia 70 ya mshahara wakati wa ulemavu wa muda, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Malipo yakiisha kwa sababu muda umekwisha, hakuna aliyesema umepona, na kinachofuata ni tathmini ya kilichobaki. Barua yako imesema umepona, kwa hiyo jibu hilo.

Na ujibu ndani ya muda. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu madai mazuri nimeyaona yakifa kwa sababu mdai alisubiri apate nafuu ndipo aandike. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 121 wa mwaka 1964 unataka kila aliyenyimwa mafao ya jeraha la kazini awe na haki ya kukata rufaa, lakini siku za kufanya hivyo huwekwa na kila nchi. Kenya, chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini hupeleka pingamizi kwake ndani ya siku 60, na akipata jibu lisilomridhisha ana siku 30 za kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kwako inaweza kuwa pungufu ya hapo. Peleka pingamizi fupi leo, useme ushahidi unafuata, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Jambo jingine linaloumiza watu: ukienda kutibiwa kwa bima ya kawaida ya afya, unaweza kuambiwa hatulipii majeraha ya kazini. Unabaki katikati, huku wanasema ni la zamani, kule wanasema ni la kazini. Omba kila upande uandike msimamo wake. Barua mbili zinazopingana hivyo zina nguvu mbele ya mwamuzi. Na usiache kuhudhuria matibabu na mazoezi ya viungo, hata kama ni kwenye zahanati ya bei nafuu, kwa sababu miezi ambayo hukuonekana kwa daktari itasomwa kwamba hukuwa ukiumwa.

SWALI: Mama, nina miaka 42. Niliinua mashine na mwenzangu, mgongo ukakatika pale pale, tangu siku hiyo maumivu yanateremka hadi mguuni. Picha ya MRI imesema kuna "uchakavu wa diski" (zile sahani laini kati ya pingili za uti wa mgongo) na diski moja imetuna. Bima imesitisha malipo, inasema uchakavu haujengeki kwa siku moja, kwa hiyo ni wa umri. Nashindwa kujibu kwa sababu kweli haujengeki kwa siku moja.

*Fundi mitambo*

JIBU: Umekubali nusu ya hoja yao iliyo sahihi, na wamekuuzia nusu ya pili bila wewe kugundua. Uchakavu haujengeki kwa siku moja, hilo ni kweli. Lakini je, uchakavu ndio unaouma? Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 za picha za uti wa mgongo za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye umri wa miaka 40, asilimia 68 walikuwa na uchakavu wa diski na asilimia 50 walikuwa na diski iliyotuna. Hata wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na uchakavu. Hao wote walikuwa wazima, wanaendelea na shughuli zao.

Kwa hiyo picha yako inaeleza ulivyokuwa mgongo wa mtu wa rika lako, pengine ulivyokuwa hata wiki moja kabla ya kuinua ile mashine, ulipokuwa hauumwi. Haiwezi peke yake kueleza kwa nini ulianza kuumwa siku ile. Wembe huu unakata pande zote mbili, nawe ujue: diski kutuna peke yake haithibitishi kwamba mashine ndiyo iliyoituna. Ndiyo maana maumivu ya mguuni ni muhimu mno kwako. Mwombe daktari achunguze ganzi iko sehemu gani ya mguu, nguvu ya kuinua kidole gumba na kifundo, na kama akiunyanyua mguu ulionyooka ukiwa umelala maumivu yanashuka chini ya goti. Kisha aseme kama dalili hizo zinalingana na mshipa wa fahamu unaopita kwenye ile diski inayoonekana pichani. Zikilingana, na kama rekodi inaonyesha zilianza siku ya tukio, una jibu ambalo neno "umri" halilifuti. Tafuta pia kama uliwahi kupigwa picha ya mgongo zamani kwa sababu yoyote. Picha mbili zikiwekwa pamoja humaliza ubishi mwingi.

SWALI: Shikamoo Mama. Mume wangu aliumia bega kazini, bega ambalo aliwahi kulitegua miaka ya nyuma. Daktari wa tathmini ameandika ulemavu wa kudumu, nusu ni ajali na nusu ni bega la zamani. Sasa wanataka kulipa nusu ya fidia ya ulemavu, nusu ya gharama za upasuaji unaokuja, na wanasema hata mshahara wa miezi aliyokaa nyumbani walizidisha. Ni sawa?

*Mke mwenye wasiwasi*

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayo ni mambo matatu yaliyofungwa furushi moja, yafungue. Kugawanya ulemavu wa kudumu kati ya ajali na hali ya zamani kunaruhusiwa na sheria za baadhi ya maeneo. California ni mfano unaojulikana: tangu mabadiliko ya sheria ya 2004, daktari hutakiwa kukadiria ni asilimia ngapi ya ulemavu wa kudumu imetokana na kazi na ngapi imetokana na mengine. Lakini huko huko mgawanyo huo hauingii kwenye matibabu wala kwenye malipo ya muda wa kukaa nyumbani. Kama tiba inahitajika kwa ajili ya jeraha la kazini, hulipiwa yote, kwa sababu hakuna daktari awezaye kupasua nusu ya bega. Ulizeni sheria ya kwenu inaruhusu mgawanyo kwenye kipi, na mtaje hayo matatu moja moja, wasijibu kwa jumla.

Kuhusu ile nusu kwa nusu, daktari ameeleza alivyoipata? Huko California ripoti isiyoeleza jinsi na sababu ya hali ya zamani kuchangia ulemavu wa sasa haihesabiki kuwa ushahidi wa kutosha, na nadhani hilo ni jambo la haki popote. Mimi namba hamsini hunitia shaka kila ninapoiona, kwa sababu ndiyo inayoandikwa na mtu asiyetaka kufanya hesabu. Mwandikieni aeleze: bega lile la zamani lilikuwa likimzuia kufanya nini kabla ya ajali? Kama halikumzuia kitu, nusu imetoka wapi?

Mumeo asitie saini chochote kinachosema malipo hayo ni ya mwisho hadi majibu hayo yaje. Na kama ameshatia, niandikie haraka pamoja na nakala ya hati yenyewe, kwa sababu hapo ushauri wangu utabadilika.